Mtindo na Deni: Muziki wa Bendi kutoka Mwisho wa Reli

Mwanamuziki anapoulizwa ameathiriwa na nani, aghalabu hujibu kwa kutaja majina ya watu: fulani alinifundisha gitaa, fulani nilimsikia redioni nikiwa mdogo. Jibu la aina hiyo ni la adabu, lakini halina uzito mkubwa kwa msikilizaji, kwani jina la mwalimu halielezi mwanafunzi amefanya nini na alichofundishwa. Bendi za Tanzania zilikuwa na jibu jingine, la zamani zaidi na la hekima zaidi. Zilitaja mtindo.

Mtindo, kwa lugha ya wanamuziki wa dansi, si namna ya kupiga tu. Ni jina ambalo bendi hujipa juu ya jina lake, na ndani ya jina hilo bendi hukiri inakotoka. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilijiita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na kwa neno hilo moja ikasema kwamba tarumbeta na magitaa yake yamekaa juu ya ardhi ya Uzaramo. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilichukua Msondo, nalo ni jina la ngoma. Maquis du Zaire walileta Kamanyola, jina la mahali katika bonde la mto Ruzizi, mto unaomimina maji yake katika Ziwa Tanganyika upande wa kaskazini. Tabora Jazz nao wakajiita Segere Matata. Mashabiki wa dansi waliyajua majina haya kama wapenzi wa ushairi wanavyozijua bahari za tungo. Kwa hiyo uhakiki wa athari katika muziki wetu hauna haja ya kuazima vipimo vya mbali. Kipimo kipo tayari: mtindo wako unaitwaje, na je, kilichomo ndani ya wimbo kinalingana na jina hilo?

Kipimo hiki kikipelekwa Kigoma na Ujiji, swali linakuwa gumu. Mwambao ule umetoa waimbaji na watunzi kwa wingi unaostaajabisha. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mji ukapata jina la mwisho wa reli. Dagaa na mawese ya Kigoma hujulikana masokoni Dar es Salaam kwa jina la kwao. Sauti za Kigoma hazikubahatika vivyo hivyo. Zilipofika mjini zilipokewa, zikapendwa, kisha zikahesabiwa kuwa za mji. Hapakutokea bendi kubwa ya mji mkuu iliyosimamisha mtindo kwa jina la ngoma ya Buha, kama Sikinde ilivyosimama kwa jina la ngoma ya Uzaramo. Kwa nini?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba Kigoma ni mlango wa Kongo: muziki ulivuka ziwa kwa mashua, ukatua Ujiji, ukapanda treni, na watu wa Kigoma wakawa wapagazi wake tu. Hadithi hii inavutia kwa sababu ramani inaiunga mkono. Ng'ambo ya pili ya maji ziko Kalemie, Baraka na Uvira, na meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani na kuunganishwa Kigoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, imepita katika bandari za ziwa hilo kwa miongo mingi. Hata hivyo, ramani si historia. Maquis du Zaire, bendi iliyozaliwa Kamina, iliingia Tanzania baada ya kupitia Uganda. Rumba ya Kongo ilifika masikioni mwa watu wa Afrika Mashariki kwa sahani za santuri na kwa mawimbi ya redio, mahali penye ziwa na pasipo na ziwa. Mtu wa Tanga aliyejifunza gitaa kwa kusikiliza santuri za Kinshasa hakuhitaji kuliona Ziwa Tanganyika.

Zaidi ya hayo, hadithi hiyo inasahau kwamba muziki wa bendi uliingia bara kwa njia ya upande wa pili, yaani kutoka pwani. Beni, ngoma ya mashindano iliyozaliwa katika miji ya Waswahili, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa na kila kitu ambacho baadaye kiliitwa bendi: sare, vyeo, ala za kupuliza, wapenzi waliogawanyika pande mbili, na watunzi walioajiriwa na sifa na kejeli. Vita vya 1914 hadi 1918 viliibeba beni pamoja na askari na wapagazi, ikasambaa bara na kuvuka hadi Kongo na Rhodesia ya Kaskazini. Kigoma yenyewe ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji mwaka 1916, na hata baada ya Tanganyika kukabidhiwa kwa Waingereza, Wabelgiji walibakiwa na eneo lao la bandari pale pale Kigoma. Basi kabla gitaa la Kongo halijaelekea mashariki, tarumbeta za pwani zilikwisha kuelekea magharibi. Anayesema kwamba mwambao wa Tanganyika ulipokea tu kutoka ng'ambo anaisoma barua kwa kuanzia ukurasa wa pili.

Ujiji ndio ushahidi. Mji huu, ambao wageni huukumbuka kwa mwembe wa Livingstone na Stanley wa mwaka 1871, ni mji wa Waswahili ulio mbali na bahari. Misafara iliyotoka pwani iliweka hapo lugha, misikiti na kanzu. Tarika ya Qadiriyya iliota mizizi hapo, na pamoja nayo dhikri, ambamo pumzi za watu wengi hugeuka kuwa mapigo. Wamanyema, ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa na ambao wengi wao waliletwa na misafara ile kwa hiari na kwa nguvu, wakawa wenyeji wa mji, wakazungumza Kiswahili kama lugha yao. Kando yao wako Waha, wenye lugha iliyo karibu sana na Kirundi, na ngoma zao wenyewe. Mtunzi aliyekulia hapo hakuwa na athari moja ya kuungama. Alikuwa nazo tatu au nne, na zote zilikuwa mlangoni kwake.

Mfano ulio bora ni Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma, aliyeanzia muziki kwao kisha akajiunga na Tabora Jazz katika miaka ya mwanzo ya 1970, na ambaye alifariki mwaka 2014. Safari yake ilikuwa ya kipande kimoja cha reli, kutoka kituo cha mwisho hadi njia panda ya Tabora. Utunzi wake uliompatia jina, "Dada Asha", ungali unajulikana na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipopigwa kwa mara ya kwanza. Mpenzi wa ushairi hana budi kuanza na jina lenyewe. Ni wito. Mtunzi anamwita mtu kwa jina na kwa cheo cha ukoo. Hapa ndipo dansi inapoachana na taarabu. Taarabu ya visiwani na mwambao wa Bahari ya Hindi humficha msemwa: husema "wewe", husema ua, husema njiwa, na kila aliyeketi ukumbini hujiuliza kama ni yeye. Dansi humtoa msemwa hadharani. Marijani Rajab alimwita Georgina, akamwita Zuwena. Lakini Georgina na Zuwena ni majina matupu, ya mwanamke kama mwanamke. "Dada" ni neno linalofunga: anayelitamka hujitia katika udugu, na udugu una wajibu. Kwa neno hilo moja wimbo unatoka katika ukumbi wa starehe na kuingia uani, mahali ambapo watu husemezana kwa sababu wanahusiana.

Je, hiyo ni athari ya Kigoma? Mhakiki asikimbilie kusema ndiyo. Kuitana kwa majina ya ukoo ni desturi ya Waswahili wote na ya jirani zao. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba mtunzi aliyetoka katika mji ambamo Mmanyema, Muha na Mswahili huishi ukuta kwa ukuta alichagua, katika muziki uliojaa majina ya wapenzi, kuita kwa jina la undugu. Na kwamba alifanya hivyo chini ya mtindo ambao haukuwa wa kwao. Segere Matata ni mali ya Tabora. Kigoma ilichangia mtunzi, Tabora ikachangia jina.

Sababu ya jambo hili si ya kisanaa peke yake. Katika Tanzania ya miaka ile, mwenye bendi alikuwa mwenye vyombo. Gitaa la umeme, kipaza sauti na seti ya ngoma vilikuwa bidhaa za nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Bendi nyingi kubwa zilimilikiwa na mashirika ya umma, jumuiya za chama au majeshi, na zilizobaki zilitegemea tajiri mmoja au chama cha wanachama. Studio ya kutegemewa ilikuwa ya Radio Tanzania, jijini Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo kanda zilikwenda kuchapwa Nairobi. Mwanamuziki akigombana na mwenye vyombo aliondoka mikono mitupu, akaenda kwa mwenye vyombo mwingine. Neno "bendi huru" katika mazingira hayo lilikuwa karibu na fumbo. Hata Sunburst, kundi la vijana lililoanza Dar es Salaam mwaka 1970 na kuthubutu kupiga roki na muziki wa soul kwa gitaa la Mkongo na maneno ya Kiswahili na Kiingereza, lililazimika kuvuka mpaka hadi Zambia ili kupata albamu, Ave Africa ya mwaka 1976. Sahani hiyo ilisahauliwa nyumbani hadi ilipotolewa tena Ulaya mwaka 2016. Ikiwa vijana wa mji mkuu walipata taabu hiyo, vijana wa mwisho wa reli wangesimamisha vipi mtindo wao na kuudumisha?

Mtu mmoja alionyesha kwamba yawezekana kuyakiri mengi bila kupotea ndani yake. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 katika nchi ya Kindu, ndiko Maniema, asili ya Wamanyema wa Ujiji. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila, na mwaka 1988 akaenda Ulaya na maonyesho ya WOMAD. Muziki wake aliuita Ubongo. Jina hili linastahili kutafakariwa. Wenzake walitaja ngoma au mahali. Yeye alitaja kiungo cha mwili kinachofikiri. Hakudai kwamba gitaa lake si la Kikongo, wala hakuona aibu kuimba Kiswahili chenye lafudhi ya ng'ambo. Alisema tu kwamba chanzo cha muziki wake ni fikra. Na nyimbo zikathibitisha jina: aliimba juu ya kifo, juu ya maskini, na mwaka 1990, kwa wimbo wa "Mambo kwa Soksi", akanena juu ya UKIMWI na mipira ya kiume kwa uwazi ambao redio ya taifa haikuukubali. Huo ndio ulinganifu wa mtindo na kilichomo. Alipofariki mwaka 2010, aliacha mfano wa mtu wa magharibi ya ziwa aliyeufanya uhamiaji kuwa hoja badala ya doa.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1990, redio za watu binafsi zilipofunguliwa na kompyuta ilipoingia studio. Mwenye vyombo akang'olewa, mahali pake akakaa mtayarishaji. Kijana wa Kigoma hakuhitaji tena gitaa kumi na watu kumi na wawili. Alihitaji sauti, daftari la mashairi na nauli. Ndipo kizazi cha Bongo Fleva kilipojaa majina yenye asili ya mkoa huo. Mwaka 2012 baadhi yao, wakiwemo Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz, Peter Msechu na Baba Levo, walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars, kwa msukumo wa Zitto Kabwe, wakati huo Mbunge wa Kigoma Kaskazini, wakatoa wimbo uitwao "Leka Dutigite".

Jina hilo ni la Kiha, na maana yake ni karibu na "acha tujidai". Ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Kwa mara ya kwanza neno la Kiha liliwekwa mahali ambapo bendi za zamani ziliweka mtindo: juu, mbele, midomoni mwa nchi nzima. Watu wa Mtwara na wa Unguja walilitamka bila kulijua. Na neno lenyewe lina siri ya lugha inayopendeza. Kiambishi cha "sisi", ambacho katika Kiswahili ni "tu", katika Kiha hugeuka "du" kinapofuatwa na sauti kama t au k, kana kwamba lugha inakataa kuzigonga sauti mbili ngumu kwa mfululizo. Hapo Kiha kinajitofautisha na Kiswahili kwa herufi moja tu, na herufi hiyo moja inatosha kumfanya Muha aliye Kariakoo ageuze shingo.

Lakini kipimo kilichowekwa mwanzoni lazima kitumike bila upendeleo. Je, kilichomo ndani kinalingana na jina? Muundo wa "Leka Dutigite" ni ule wa nyimbo za pamoja za Bongo Fleva: kila msanii hupokezana zamu yake, kisha wote hukutana katika kiitikio. Mapigo ni ya studio za Dar es Salaam za miaka ile, na Kiswahili ndicho kinachobeba mzigo mkubwa wa maneno. Wimbo unataja Kigoma kwa fahari ya kweli, na fahari hiyo ilikuwa na kazi ya kufanya, kwani mkoa huo ulikuwa umezoea kutajwa kwa umbali wake na kwa kambi zake za wakimbizi, na wenyeji wake kuulizwa uraia wao na watu wasiojua mipaka ilichorwa na nani. Kwa hilo wimbo ulitenda haki. Hata hivyo, ukiondolewa jina na majina ya mahali, muziki unaobaki ungeweza kuvishwa jina la mkoa mwingine wowote. Ni mtindo uliopata jina kabla ya kupata ngoma.

Tofauti hii si ya ushabiki wa asili. Lugha zina muziki ndani yake. Kiswahili hakina toni. Mkazo wake hukaa karibu na mwisho wa neno, na mtunzi yu huru kupandisha na kushusha sauti apendavyo ilimradi mizani itimie. Kiha, kama Kirundi, kina toni, na neno likipandishwa pasipostahili laweza kupotea. Katika Burundi, wapigaji wa inanga huwa na mbinu ya ajabu: mwimbaji hunong'ona, na nyuzi za ala humpa toni ambazo mnong'ono hauwezi kuzibeba. Sauti na ala hukamilishana hata msikilizaji asijue maneno yametoka kinywani au katika nyuzi. Athari ya aina hii ndiyo inayoweza kuufanya wimbo wa gitaa uwe wa mwambao ule na si wa pengine. Gitaa linaloifuata toni ya Kiha litakwenda njia ambayo gitaa la Kinshasa halijapita. Hilo haliletwi na jina la wimbo. Huletwa na masikio.

Mtetezi atasema: mbona taarabu haikudaiwa hivyo? Sultani Barghash, aliyetawala hadi mwaka 1888, alimpeleka mtu Misri kujifunza kanuni. Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905 fidla na udi vilikuwa vya wageni. Na hadi leo kumbi za Unguja hazioni haya kuitaja Cairo. Ni kweli, na hoja hiyo inasaidia zaidi kuliko inavyopinga. Taarabu haikuwa yetu kwa kuyafukuza ya Misri. Ilikuwa yetu siku Siti binti Saad alipoyatia maneno ya Ng'ambo, kwa Kiswahili cha watu wa chini, akayapeleka hadi Bombay kuyarekodi mwaka 1928. Ala zilibaki za kigeni. Ushairi ndio uliozifanya zikae na kukubali kuwa za nyumbani. Deni lililipwa kwa maneno.

Kadhalika Kigoma. Hakuna anayewadai watunzi wake waache kompyuta na warudi kwenye ngoma za shamba, wala kwamba Mmanyema wa Ujiji aimbe Kiha ili athibitishe kwao. Ujiji ina haki ya Kiswahili sawa na Unguja, na mtunzi wake aweza kulipa deni kwa njia hiyo, kama Karenga alivyofanya kwa neno moja la udugu. Mwingine ataweza kulipa kwa toni, mwingine kwa pumzi za dhikri. Linalotakiwa ni kwamba alipe kwa kitu kinachosikika. Kujidai ni haki, na wimbo wa mwaka 2012 uliomba ruhusa hiyo kwa sauti nzuri. Ruhusa imekwisha kutolewa. Sasa msikilizaji wa pwani, aliyelelewa kupima tungo kwa vina na mizani, anasubiri kusikia ni nini kilicho nyuma ya majivuno hayo: pigo gani, neno gani, ukimya gani wa maji marefu, ambao akiusikia usiku redioni, bila kutajiwa jina la mtu wala la mkoa, atajua kwamba treni imetoka kituo cha mwisho.